Joseph Smith: Kijana aliyedai kumuona Mungu msituni

BAADA ya swala ya Ishaa, katika msikiti mmoja wa hapa Kihonda, mzee jirani yangu alinivuta pembeni akanionesha ujumbe katika simu yake. Ujumbe ule ulitoka kwa kijana wake anayesoma Marekani, katika jimbo la Utah. Kijana anaeleza kuwa watu anaokaa nao ni wema mno. Hawanywi pombe, hawavuti sigara, hata chai na kahawa hawanywi. Jumapili moja ya kila mwezi wanafunga, na sehemu ya kumi ya pato lao wanaipeleka kanisani. Watu hao wamemsimulia kwamba mtume wao, akiwa kijana wa miaka 14, alimuona Mungu kwa macho yake, na kwamba baadaye malaika alimjia na kitabu. Kisha kijana akauliza swali lililomkosesha baba yake usingizi: kwa nini sisi tunaamini kuwa Malaika alimjia Mtume wetu pangoni, na hatuamini kuwa malaika alimjia huyu wa Marekani?

Mzee alitaka nimsaidie kuandika jibu kali. Nikamwambia, mzee wangu, kijana hakutukana, ameuliza. Na sisi hatuwezi kulijibu jambo tusilolijua. Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo. Basi kwanza tumjue mtu huyu ni nani, aliishi vipi, alidai nini na alikufaje. Hukumu ifuate baadaye.

Ndugu msomaji, usidhani kuwa habari hii ni ya Marekani tu na haituhusu. Wafuasi wa mtu huyu wanajulikana kwa jina la Wamormoni, ingawa mwaka 2018 viongozi wao waliomba waitwe kwa jina kamili la kanisa lao, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wapo Kenya, ambako walitambuliwa na serikali mwaka 1991, wapo Uganda, wapo Kongo na wapo hapa Tanzania. Mei 2025 walizindua hekalu lao Nairobi. Kitabu chao kimekwishatafsiriwa kwa Kiswahili. Vijana wao wawili wawili, wamevaa shati jeupe na kibandiko cha jina kifuani, wanaweza kubisha hodi mlangoni kwako wakati wowote.

Utoto wa dhiki

Joseph Smith alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 katika kijiji cha Sharon, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani. Baba yake, ambaye naye aliitwa Joseph, alikuwa mkulima ambaye kila alilolishika liliharibika. Mama yake, Lucy Mack, alikuwa mwanamke wa sala aliyesumbuliwa na suala la dini ipi ni ya kweli. Joseph alipokuwa na umri wa miaka 7 hivi alipata maradhi ya mfupa wa mguu, akapasuliwa bila dawa ya usingizi. Mguu ulipona, lakini alichechemea kidogo maisha yake yote.

Kilichoiondoa familia hii Vermont kilianzia mbali sana. Mwezi Aprili 1815 mlima wa volkano uitwao Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa, nchi ya Waislamu ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka mlipuko mkubwa ajabu. Majivu yake yalitanda angani, na mwaka uliofuata, 1816, Vermont ikapata baridi na theluji katika miezi ya kiangazi. Mazao yakafa. Wakulima wengi wakahama, na miongoni mwao akina Smith, waliokwenda Palmyra katika jimbo la New York. Mwenyezi Mungu ana namna zake za kuwahamisha waja Wake.

Palmyra wakati ule ilikuwa inachemka kwa mahubiri. Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri walikuwa wakigombea waumini, kila kundi likisema wenzao wamepotea. Mama na baadhi ya watoto wakaingia kwa Wapresbiteri, baba akabaki nje. Kijana Joseph, aliyesoma shule kidogo tu, alichanganyikiwa. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: kama Mungu ni mmoja, makanisa haya yanayopingana yanawezaje kuwa yote ya kweli? Hata mimi na wewe tungeliuliza swali hilo.

Msituni, mwaka 1820

Kwa maelezo yake mwenyewe, masika ya mwaka 1820 alikwenda peke yake katika msitu karibu na kwao, akapiga magoti kuomba. Anasimulia kwamba kwanza alishikwa na nguvu ya giza iliyomfunga ulimi hata akadhani anakufa. Kisha ikashuka nuru kali kuliko jua, na ndani ya nuru hiyo akawaona wawili wamesimama hewani juu yake. Mmoja akamtambulisha mwenzake kuwa ni mwanawe. Alipouliza ajiunge na kanisa lipi, akaambiwa asijiunge na lolote, kwa kuwa yote yamekengeuka. Tukio hili wafuasi wake wanaliita Ono la Kwanza, na kwao ndio mlango wa dini yote.

Hapa kuna jambo ambalo mtafuta haki lazima alijue. Smith aliacha maelezo zaidi ya moja ya siku hiyo. La mwanzo kuandikwa ni la mwaka 1832, miaka 12 baada ya tukio, na ndani yake anamtaja Bwana aliyemsamehe madhambi yake, bila kueleza wazi kuwa waliokuja ni wawili. Maelezo ya 1835 yanataja wawili na malaika wengi. Yaliyoanza kuandikwa 1838 ndiyo yaliyo rasmi na ndiyo wamisionari wanayofundisha. Wapinzani wake wanasema hadithi ilikua kadiri miaka ilivyokwenda. Wafuasi wake wanasema mtu akisimulia tukio kubwa mara nyingi hutaja hili leo na lile kesho. Kanisa lenyewe limeyachapisha maelezo yote, na hilo ni jambo la kuwapongeza.

Mabamba ya dhahabu

Usiku wa tarehe 21 Septemba 1823, akiwa na miaka 17, alidai kuwa malaika aitwaye Moroni alimtokea chumbani mara tatu, na mara ya nne kesho yake mchana. Moroni, kwa imani yao, hakuwa malaika aliyeumbwa kwa nuru kama tunavyowajua sisi malaika. Alikuwa binadamu aliyeishi katika bara la Amerika karne ya nne na ya tano Miladia, mwana wa Mormoni, akafa, kisha akafufuliwa. Alimwelekeza kwenye kilima kilicho karibu na kwao, ambako kulizikwa mabamba ya dhahabu yenye historia ya watu wa kale waliohama kutoka Jerusalem. Hakuruhusiwa kuyachukua siku hiyo. Alitakiwa arudi kila mwaka, na ndipo akakabidhiwa tarehe 22 Septemba 1827.

Katikati ya miaka hiyo yalitokea mengine mawili. Novemba 1823 alifariki kaka yake mkubwa, Alvin, aliyekuwa nguzo ya nyumba. Mchungaji aliyezungumza katika maziko alidokeza kuwa Alvin ni wa motoni kwa vile hakuwa mtu wa kanisa. Jeraha hilo halikupona katika nyumba ya akina Smith. La pili ni kwamba Joseph alikuwa akikodiwa na watu kutafuta hazina zilizozikwa ardhini, kwa kutazama jiwe ndani ya kofia. Mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu huko Bainbridge, New York, kwa shughuli hiyo. Sisi wa pwani na bara tunawajua watazamaji wa namna hii, wenye ramli, kioo na sahani ya maji. Kanisa lake leo halikanushi kuwa alikuwa na jiwe hilo, na mwaka 2015 lilichapisha picha yake.

Januari 1827 alimuoa Emma Hale bila ridhaa ya baba wa binti, ambaye hakutaka mkwe mchimba hazina. Emma akawa miongoni mwa waandishi wake wa mwanzo. Smith alitamka na mwingine akaandika. Wakati mwingine akitumia vyombo alivyosema vilizikwa pamoja na mabamba, na mara nyingi lile jiwe ndani ya kofia, na mabamba yakiwa yamefunikwa kitambaa. Mwaka 1828 kurasa 116 za mwanzo zilipotea mikononi mwa Martin Harris, mkulima tajiri aliyekuwa akimsaidia, na hazikupatikana tena. Mwaka uliofuata, pamoja na mwandishi mpya Oliver Cowdery, kazi ikaisha kwa muda wa miezi michache tu. Harris akaweka rehani shamba lake, na Machi 1830 nakala 5,000 za Kitabu cha Mormoni zikatoka katika kiwanda cha chapa cha Palmyra.

Watu watatu, Cowdery, Harris na David Whitmer, walitia saini kuwa wameoneshwa mabamba na malaika. Wengine wanane walitia saini kuwa wameyaona na kuyashika. Wale watatu wote waligombana na Smith na kutoka katika kanisa, wawili wakarejea baadaye, lakini hakuna aliyefuta ushahidi wake. Mabamba yenyewe hayapo. Smith alisema aliyarudisha kwa malaika.

Kuhama na kufukuzwa

Tarehe 6 Aprili 1830 kanisa likaundwa Fayette, New York. Miezi michache tu baadaye likatokea tatizo ambalo kila mwenye kudai wahyi hukutana nalo: mfuasi mmoja, Hiram Page, naye akaanza kupokea ufunuo kwa jiwe lake. Smith akatangaza ufunuo kwamba kwa kanisa zima ni mtu mmoja tu anayepokea maagizo, naye ni yeye. Wengine wanaweza kuongozwa kwa mambo yao na ya nyumba zao, si zaidi. Kanuni hiyo ndiyo inayoliendesha kanisa hilo hadi leo.

Mwaka 1831 walihamia Kirtland, Ohio. Februari 1832 Smith na msaidizi wake Sidney Rigdon walisema wameiona kwa pamoja akhera yenye daraja tatu za utukufu, huku watu wengine waliokuwamo chumbani wakisikiliza wasione kitu. Mwezi uliofuata kundi la watu lilimtoa kitandani usiku, likampaka lami na manyoya ya ndege. Januari 1836 alisema ameoneshwa pepo ya daraja la juu na ndani yake kaka yake Alvin, na pia mama na baba yake, ingawa wazazi hao walikuwa bado hai na baba alikuwamo katika chumba kile kile. Hapo mtu anaona jinsi jeraha la maziko ya mwaka 1823 lilivyotibiwa.

Mwaka 1837 benki waliyoianzisha Kirtland ilianguka, wafuasi wengi wakapoteza akiba zao na wengine wakamkana. Waliobaki wakakimbilia Missouri, ambako wenzao walikuwa tayari wamekwishafukuzwa katika wilaya moja mwaka 1833. Ugomvi na wenyeji ukawa vita. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo, na siku tatu baadaye watu 17 wakauawa mahali paitwapo Haun's Mill. Smith akalala gerezani majira yote ya baridi. Amri ile ilikuja kufutwa rasmi mwaka 1976.

Katika fujo hizo, aliyekuwa kiongozi mwenzake, Thomas Marsh, aliasi akaapa kwamba Smith ametishia kuwa Muhammad wa pili kwa kizazi chake, akimaanisha mtu wa upanga na damu. Magazeti ya wakati huo yalipenda kumfananisha hivyo. Angalia, ndugu msomaji: ili kumtukana jirani yao, Wakristo wale walimtukana Mtume wetu (s.a.w.), ambaye hawakuwa na habari naye yoyote ya maana. Ndiyo maana nasema tusifanye nasi hayo hayo kwa wengine.

Nauvoo na mauti

Mwaka 1839 walijenga mji wao, Nauvoo, kando ya mto Mississippi katika jimbo la Illinois. Machi 1841 baraza la mji lilipitisha sheria ya uhuru wa dini iliyowataja kwa jina watu wa madhehebu mbalimbali, na Waislamu wakiwamo, ingawa sidhani kama palikuwa na Mwislamu hata mmoja katika mji huo. Haki hiyo tuiandike kwa upande wao.

Lakini ni Nauvoo ndipo mafundisho yalipokwenda mbali. Aprili 1843 Smith alifundisha kwamba Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa unaogusika kama wa binadamu. Aprili 1844 akahubiri kwamba Mungu mwenyewe aliwahi kuwa kama binadamu, na kwamba binadamu naye anaweza kupanda hadi kuwa kama Mungu. Julai 1843 uliandikwa ufunuo wa kuoa wake wengi, jambo ambalo yeye alikuwa amekwisha kulifanya kwa siri. Kanisa lake lilikiri mwaka 2014 kuwa huenda wake zake walifika kati ya 30 na 40, baadhi yao wakiwa na waume wengine. Hadharani alikana. Emma, aliyemvumilia katika njaa na kufukuzwa, na kuzika watoto kadhaa, aliumia sana.

Mwaka 1844 aligombea urais wa Marekani. Juni mwaka huo waliokuwa wafuasi wake walichapisha gazeti wakifichua habari za wake wengi na mafundisho ya miungu. Toleo likawa moja tu. Smith, akiwa meya, na baraza lake waliamuru mtambo wa kuchapia uvunjwe. Kwa kosa hilo alijisalimisha na kuwekwa katika gereza la Carthage. Jioni ya tarehe 27 Juni 1844 watu waliojipaka nyuso rangi nyeusi walivamia gereza, wakamuua kaka yake Hyrum, kisha yeye alipokimbilia dirishani. Alikuwa na miaka 38. Watano walishitakiwa mwaka uliofuata, wote wakaachiwa.

Wafuasi wengi walimfuata Brigham Young hadi bonde la Salt Lake, Utah, mwaka 1847. Emma hakwenda nao. Leo kanisa hilo linahesabu waumini zaidi ya milioni 17 duniani.

Wanaaminije kuhusu maono?

Sasa tuje kwenye kiini cha swali la kijana. Kwa Mmormoni, maono ya Joseph Smith si ndoto wala mfano. Kwa kuwa Mungu kwao ana mwili na mahali, kuonekana Kwake ni jambo la kawaida katika mantiki yao, kama mtu anavyomuona mtu. Hata hivyo wanafundisha kuwa jicho hili la kawaida haliwezi kustahimili. Lazima mtu abadilishwe kwa muda na nguvu ya Mungu, aone kwa macho ya kiroho. Pili, kwao ufunuo haukufungwa. Rais wa kanisa kila zama ni nabii. Tatu, kila mtu anahimizwa kusoma kitabu chao na kumuomba Mungu amjulishe kama ni kweli, na jawabu huwa ni utulivu na joto la moyo. Viongozi wao wa leo ni nadra kusimulia maono ya macho. Wengi husimulia utulivu huo.

Ni kwa ufunuo pia walibadilisha mambo mazito. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza kuwa watu weusi hawawezi kupewa ukuhani, ingawa enzi za Smith mtu mweusi, Elijah Abel, alikuwa amepewa mwaka 1836. Zuio hilo lilidumu hadi Juni 1978, ndipo ufunuo mwingine ukaliondoa. Mwaka 2013 kanisa likakataa hoja zote za zamani zilizotumika kulitetea. Mwafrika anayebishiwa hodi ana haki ya kuuliza: miaka ile 126 mbingu zilikuwa kimya au watu hawakusikia?

Mizani yetu

Kabla ya kuwapima wao, tujitazame. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri huko Samunge, Loliondo, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya maradhi sugu. Kikombe shilingi 500. Maelfu kwa maelfu walikwenda, na wapo waliofia katika foleni. Je, Waislamu hatukuwamo katika magari yale? Tulikuwamo, tena wengi. Na nyuma zaidi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kuzama katika maji na kutoka kesho yake akiwa mkavu, aliwapa watu maji ya kugeuza risasi. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, na mwishoni mwa mwezi huo huo watu walikwenda mbele ya bunduki za boma la Mahenge, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, wakiamini maji yale. Walikuwa na haki ya kuukataa ukoloni. Dawa haikuwa kweli.

Basi mizani ni ipi? Ya kwanza ni Tauhidi. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 143, Nabii Musa (a.s.) aliomba kumuona Mola wake, akajibiwa kuwa hatamuona, na mlima ulipodhihirishiwa ukasagika, Musa akaanguka kazimia. Al-An'am aya ya 103 inatufunza kuwa macho hayamdiriki, na Ash-Shura aya ya 51 inataja njia tatu tu ambazo Allah husema na mwanadamu: wahyi, nyuma ya pazia, au kwa mjumbe anayetumwa. Hata Mtume wetu (s.a.w.) katika Miraji, masahaba walitofautiana, Bi Aisha (r.a.) alikanusha kabisa kuwa alimuona Mola wake, na Ibn Abbas (r.a.) akathibitisha kuona kwa moyo. Masunni tunatarajia kumuona Allah akhera, ndugu zetu Ibadhi wa Oman na Zanzibar wanakanusha hata hilo. Lakini hakuna kati yetu anayesema Allah ana nyama na mifupa, wala kwamba aliwahi kuwa mtu. Hapo Surat Al-Ikhlas imekata mzizi.

Ya pili, mlango wa utume umefungwa kwa aya ya 40 ya Surat Al-Ahzab. Kilichobaki ni ndoto njema, ambayo hadithi sahihi imeiita sehemu moja katika 46 za utume. Ndoto hiyo ni bishara kwa mwenyewe. Haihalalishi, haiharamishi, na haimfungi mtu mwingine. Sisi wa Kihonda tunaufahamu mjadala huu pia kwa habari za Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, aliyeishi karne ile ile ya Smith.

Ya tatu, dai linaloweza kupimwa lipimwe. Mwaka 1835 Smith alinunua mafunjo ya kale kutoka Misri, akatoa humo kitabu alichosema ni cha Nabii Ibrahim (a.s.). Vipande vya mafunjo hayo vilipatikana miaka ya 1960 katika jumba la makumbusho New York. Wataalamu wa maandishi ya Misri, wakiwamo Wamormoni, wamevisoma na kukuta ni maandishi ya maziko ya kipagani, yasiyomtaja Ibrahim. Kanisa linajibu kwamba huenda sehemu husika ilipotea, au mafunjo yalikuwa sababu tu ya ufunuo. Msomaji apime mwenyewe.

Ya nne, hisia ya moyo peke yake si dalili. Mtume (s.a.w.) alipotoka Hira hakuja na joto la moyo. Alikuja akitetemeka, akimuomba Bi Khadija (r.a.) amfunike, akihofia nafsi yake. Hakudai kumuona Mungu. Akaletewa Kitabu ambacho kiliwaita wanaokikanusha walete sura mfano wake, nacho kikasikilizwa na kuhifadhiwa na umma mzima, maneno yenyewe, hadi leo. Kuteswa nako si dalili pekee. Wengi wameteswa, wenye haki na wasio na haki.

Mzee wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama amkataze kijana wake kukaa na watu wale. Nikamwambia hapana. Watu hao mwaka 1978 walitangaza kwamba hata Mtume Muhammad alipewa sehemu ya nuru ya Mungu. Sisi haturidhiki na kauli hiyo, kwa sababu kwetu alipewa ukamilifu wa wahyi, lakini si kauli ya adui. Aya ya 8 ya Al-Maida inatutaka tusiache uadilifu hata kwa tunaowachukia, sembuse wanaomkirimu mtoto wetu ugenini. Amwambie kijana ashukuru wema wao, ajibu kwa ubora kama ilivyoamrishwa katika Al-Ankabut aya ya 46, na aulize naye maswali: Mungu aliyewahi kuwa mtu, kabla ya hapo nani alikuwa Mola wa walimwengu?

Na zaidi ya hayo, amwambie ukweli mmoja unaotuuma sisi wazazi. Kijana huyu alisoma madrasa miaka sita. Alihifadhi juzuu mbili. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwa nini tunaamini kuwa Jibril (a.s.) alishuka Hira. Alipewa jambo la kuhifadhi bila jambo la kujibu. Tukilaumu wamisionari wa Utah, tuanze na nafasi hiyo tuliyoiacha wazi.

Mzee aliandika ujumbe wake usiku ule ule, kwa upole, akamalizia kwa dua. Tunasubiri jibu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.